Dole Gumba la Mama Mkwe

Wale mlionitukana wiki jana kwa sababu nilisahau dawa za mama mkwe nikakimbilia mtihani, yahifadhini matusi yenu. Leo nawapa sababu nzuri zaidi.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili saluni, nakueleza kwa ufupi. Nina miaka arobaini na sita. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa msaidizi wa wauguzi, natandika vitanda vya watu na kumwaga vyombo vyao vya haja. Nikapata nafasi chuo kikuu, shahada ya ustawi wa jamii. Mwajiri akanipa ruhusa ya miaka mitatu, na barua yake ilisema haiongezwi hata siku moja. Nisipomaliza, narudi kwenye mashuka mpaka nistaafu.

Wiki ileile niliyopata barua ya chuo, wifi yangu alimleta mama yake kwangu. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande wote wa kushoto. Wifi alimshusha na mto wake na mfuko wa nguo, akasema, "Wewe ndiye mwenye utaalamu," akaondoka kabla sijamkaribisha maji. Huyu ndiye ambaye mtaani wanamwita Mahakama, maana akishahukumu hakuna rufaa.

Basi miaka mitatu nikasoma hivyo. Nikimsugua mama mkwe mgongo, simu iko kwenye ndoo iliyogeuzwa inanisomea mhadhara. Nikimpaka mafuta visigino visichubuke, nakariri nadharia. Kila saa mbili namgeuza, mto katikati ya magoti, mwingine nyuma ya mgongo. Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, alikuwa na kazi moja tu: kusimama mlangoni kila asubuhi na kuuliza, "Mama, umeamkaje?" Akijibiwa, anaenda zake. Jokofu letu wenyewe lina miezi minane halifanyi kazi. Mganga hajigangi.

Wiki jana simulizi iliishia pale msimamizi wa utafiti wangu aliponiita ofisini. Ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, lakini ana udaktari wa falsafa na mimi sina.

"Mama, una washiriki wangapi?"

"Kumi na mmoja, daktari."

"Pendekezo lako linasema kumi na wawili."

"Wa kumi na mbili watoto wake wamemhamisha."

"Basi tafuta mwingine. Kesho kutwa kamati inafunga. Bila wa kumi na mbili sipeleki jina lako."

Utafiti wangu uliwauliza wazee wanaouguzwa nyumbani wanawaonaje watu wanaowahudumia. Wazee hao hawaokotwi barabarani. Kila mmoja nilimpata kwa kubembeleza familia yake miezi.

"Yupo mmoja," nikasema.

"Si ndugu yako? Kanuni unaijua. Ndugu atakwambia unachotaka kusikia."

Nilicheka moyoni. Kijana huyu hamjui mama mkwe wangu. Tangu nivuke kizingiti chake kama bibi harusi, hajawahi kuniambia ninachotaka kusikia. Hata jina hanipi. Miaka ishirini na minne ananiita "wewe". Wewe, maji ya moto. Wewe, mto.

"Hata sijuani naye sana," nikamjibu.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Msihesabu bado.

Kesho yake saa nne asubuhi nilimwogesha mama mkwe, nikamvisha, nikamkalisha dirishani kwenye kiti cha magurudumu. Mwili wake umelala nusu, akili imesimama yote.

"Mama, nina maswali ya shule nataka kukuuliza."

"Shule ya nani?"

"Yangu."

"Watoto wana shule, na wewe una shule. Nyumba ina nani?"

"Ni maswali kumi na manne tu, mama."

"Uliza. Mimi siendi popote."

Manane ya mwanzo aliyajibu kama mtu anayevunja kuni. Unalala vizuri? Hapana. Unapata maumivu? Wewe huoni? Nikaandika yote, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa. Tukafika la tisa.

"Nani anayekuhudumia kila siku? Taja anayekuogesha, anayekulisha na anayekugeuza kitandani."

"Mwanangu."

Nikadhani hakunisikia. "Anayekuogesha, mama."

"Si nimesema mwanangu?"

"Na anayekugeuza?"

"Mwanangu. Andika."

Mikono yangu ilikuwa bado inanuka sabuni yake. Kucha zangu zimelainika kwa maji yake. Na huyu bibi ananitazama machoni, ananiambia anayemwogesha ni mwanawe, yule wa kusimama mlangoni!

Sitawadanganya nyinyi pia. Nilimchukia. Nilimchukia kwa miaka ishirini na minne kwa mpigo mmoja. Nikaandika "Mwanangu", halafu nikalikata kwa mstari, na juu yake nikaandika "Hakuna". Kama mimi si mtu, basi hakuna mtu.

Maswali yaliyobaki nilimuuliza huku nimegeukia ukuta.

Sasa kulikuwa na fomu ya ridhaa. Mshiriki lazima aweke sahihi. Mama mkwe alikuwa mtu wa kuandika kwa mkono wa kushoto, na mkono huo ndio uliokufa, kwa hiyo ilibidi aweke dole gumba la kulia. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba siku ile simwombi kitu tena. Nikampa chakula bila kusema, nikamlaza bila kusema.

Saa nane mchana alikuwa amelala fofofo. Nikachukua pedi ya wino wa muhuri. Nikaushika mkono wake wa kulia, nikabonyeza dole gumba kwenye wino, nikalibonyeza kwenye karatasi. Hakushtuka hata kidogo. Kisha nikajaza sehemu zilizobaki. Jina: Mshiriki namba kumi na mbili. Uhusiano na mtafiti: Hakuna.

Kwa nini sikumwamsha? Niulizeni mpaka mchoke. Angekubali, najua. Sikutaka kumpa nafasi ya kunikubalia.

Kipindi changu chuoni kilikuwa saa tisa. Nikakimbia bila kumfuta wino, na karatasi zote nikaziacha kwenye begi la vitabu chumbani, maana msimamizi alikuwa azipokee kesho yake.

Jioni narudi, viatu vya Mahakama viko mlangoni. Ndani mume wangu amesimama katikati ya sebule. Wifi amekaa kwenye kochi, na pembeni yake mama yake kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia umeinuliwa juu kama mtoto anayejibu darasani. Wifi ndiye aliyeuinua.

"Wifi, hii nini?"

"Wino."

"Wino naujua, mimi si kipofu. Umemsainisha nini mama yetu?"

Mama mkwe ana kiwanja cha kona, chenye vyumba viwili vya kupangisha. Ndugu wa familia hii wanakitazama kiwanja hicho jinsi paka anavyotazama bucha. Dole lenye wino, kwao, lina maana moja tu.

"Toa hati," mume wangu akasema.

"Hati gani, baba watoto?"

"Ya kiwanja. Ulidhani hatutajua? Kumbe ndiyo masomo yenyewe haya! Unaniambia elimu haina mwisho. Leo nimeuona mwisho wake."

"Sijagusa kiwanja cha mtu!"

"Siku za mwizi arobaini," wifi akadakia, "na wewe ulishapitiliza."

Ningenyamaza, ningekuwa mwizi wa kiwanja. Ningeonyesha karatasi, ningekuwa mtu msafi. Ndivyo nilivyofikiri, na shahada yote hii. Nikaingia chumbani, nikatoa begi, nikamwekea mume wangu fomu na hojaji mkononi.

"Soma basi! Soma kwa sauti, dada yako asikie."

Akasoma. Mume wangu husoma kama anavyofungua jokofu, skrubu moja moja.

"Fomu ya ridhaa ya kushiriki utafiti… Mshiriki namba kumi na mbili…"

"Kiwanja kiko wapi hapo?" nikamuuliza wifi. Wifi akaanza kutafuta pa kuangalia. Kwa pumzi tatu hivi nilikuwa nimeshinda.

"Uhusiano na mtafiti," mume wangu akaendelea. Akakwama. Akasoma tena kimya, midomo ikicheza. "Hakuna."

"Mama yangu si kitu kwako?"

"Ni kanuni za chuo, baba watoto. Ndugu hawaruhusiwi, ndiyo maana…"

"Ungeiba kiwanja ningekusamehe," akasema polepole. "Kiwanja ni udongo."

Wifi akamnyang'anya hojaji. Yeye husoma haraka, hasa penye kosa. "Hee! Hebu sikia na hili. Nani anayekuhudumia kila siku? Jibu: Hakuna. Mama! Ulisema huna mtu wa kukuhudumia? Kumbe unateseka humu ndani!"

"Lete nione," mama mkwe akasema.

Wifi akamshikia karatasi mbele ya macho. Mama mkwe akasoma muda mrefu. Lile neno nililolikata lilikuwa bado linasomeka chini ya mstari. Akaniangalia, na mimi nikaangalia zulia.

"Kesho nipelekeni huko chuoni," akasema.

Wifi almanusura apige vigelegele. "Asubuhi na mapema, mama! Nitakusukuma mwenyewe." Akazikunja karatasi zote mbili, akazitia sidiriani mbele yangu. "Sasa njoo uzichukue, msomi."

Mume wangu hakunisemesha tena. Asubuhi alisimama mlangoni mwa mama yake kama kawaida, akauliza ameamkaje, akaenda kazini. Mimi nilimwogesha mama mkwe. Hakuniambia maji ni ya moto wala baridi, na nilitamani aseme. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na wifi alishafika, anapiga kiti teke kujaribu magurudumu.

Tulikwenda hivyo. Wifi anasukuma, mimi nyuma yao na begi langu, natembea kama mshitakiwa anayejipeleka mwenyewe. Kwenye ujia wa ofisi wanafunzi wenzangu walikuwa wamejazana. Wananiita Mama Mbele, kwa sababu macho yangu hayasomi ubao nikikaa nyuma.

"Shikamoo Mama Mbele! Leo umekuja na wageni?"

"Marahaba. Pisheni njia."

Msimamizi alifungua mlango mwenyewe. Wifi akazichomoa karatasi, bado zina joto, akamkabidhi.

"Mwanafunzi wako ni mwizi wa madole! Muulize huyu mama. Mimi ni…"

"Nyamaza," mama mkwe akamwambia. "Nimekuja kusema mwenyewe."

"Na ndivyo inavyotakiwa," msimamizi akasema. "Anayezungumza ni mshiriki, wengine hapana. Wewe mama subiri nje. Hii ni siri ya mshiriki." Akamfungia Mahakama mlango usoni. Kwa mara ya kwanza nikampenda kijana yule.

Tukabaki watatu. Msimamizi akaitandaza fomu mezani.

"Mama, hili dole ni lako?"

"Langu."

"Ulilitoa kwa hiari yako?"

Mama mkwe akaliangalia dole lake, bado lina weusi kwenye mikunjo.

"Mwalimu, hili ni dole langu na mimi mwenyewe nimelileta hapa. Unataka hiari gani tena?"

Nikamtazama. Yeye hakunitazama.

"Na majibu ni yako?"

"Yangu yote, isipokuwa la tisa. Hapo kaandika hasira zake."

"Wewe ulisema nini kwenye la tisa?"

"Nilisema mwanangu."

"Anayekuogesha, anayekulisha, anayekugeuza, ni mwanao." Msimamizi alikuwa anaandika pembeni. "Mwanao huyo yuko wapi? Yuko kazini?"

Mama mkwe akanyoosha mkono wake mzima, akakamata mkono wa blauzi yangu, akauvuta.

"Si huyu?"

Jamani. Mwanangu! Neno hilo halisemi wa kiume wala wa kike, halisemi wa kuzaa wala wa kupewa. Mimi nimelisikia maisha yangu yote, nimewaita watoto wa watu hivyo wodini, na siku nilipopewa mimi nikaliandika kwa jina la mume wangu, kisha nikalikata. Hakuwa amemtaja yule wa mlangoni. Alinitaja mimi, na aliniambia niandike.

Nilitaka kulia. Nilitaka kuanguka kwenye magoti yake yale ninayoyawekea mto. Lakini msimamizi alikuwa amevua miwani.

"Mwanao?" Akanigeukia. "Mama, si uliniambia hujuani naye sana?"

Barua ya mwajiri ikanijia, na lile neno haiongezwi. Nikaona mashuka. Nikaona vile vyombo vya kumwaga, nina miaka hamsini, nina miaka hamsini na tano, bado navimwaga.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu ilitoka laini kabisa, "si unawajua wazee wetu? Humwita kila mtu mwanangu. Hata wewe, ukikaa naye kidogo, atakuita hivyo."

Msimamizi akafikiri. Akatabasamu.

"Ni kweli. Hata mama anayefagia ofisi hii huniita mwanangu." Akavaa miwani, akachukua kalamu. "Basi tutarekebisha tu hilo la tisa."

Nikawa nimepona. Shahada yangu ilikuwa imepona, miaka mitatu ilikuwa imepona, na nitawaambia ukweli mnipige mawe: nilishusha pumzi.

Vidole vya mama mkwe vikaiachia blauzi yangu, kimoja baada ya kingine.

"Kila mtu," akasema. Alikuwa anasema na msimamizi, si na mimi. "Kumbe ndivyo nilivyo. Sikujijua. Basi mwalimu, kama ni hivyo, hayo majibu ya jana yafute yote. Niulize upya, la kwanza mpaka la mwisho. Uandike wewe."

"Si lazima, mama, hapa tuna…"

"Mimi ni mshiriki au si mshiriki?"

"Ni mshiriki."

"Anayezungumza ni nani?"

Msimamizi akavuta hojaji mpya kwenye droo.

"Na yeye atoke nje," mama mkwe akamalizia. "Si ndugu yangu, asije akasikia siri zangu."

Nje kulikuwa na benchi moja tu, na Mahakama alikuwa amelikalia lote. Akasogea kidogo, si kwa heshima, kwa hamu ya habari.

"Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Hapana? Mama hakusema ulimwibia dole?"

"Amesema alilitoa mwenyewe."

Wifi akanitazama kama nimemtukania ukoo. "Umempa dawa gani mama yangu? Haiwezekani. Alisema anakuja kusema mwenyewe!"

"Alisema."

"Alisema nini, wewe mwanamke? Usinizungushe."

Sijui kwa nini nilimjibu. Labda kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia.

"Aliniita mwanangu. Mbele ya daktari. Na mimi nikasema wazee humwita kila mtu hivyo."

Nilitega sikio kwa hukumu. Nilijua itakuwa ndefu na kali, ujia mzima utasikia, na safari hii nitakuwa nimeistahili. Haikuja. Wifi alikuwa anachezea kishikizo cha mkoba wake, anafunga, anafungua.

"Kila mtu?" akauliza kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mimi hajaniita hivyo miaka mitatu. Tangu siku ile niliyomshusha kwako. Nikija ananiambia wewe, umekuja? Wewe, unaondoka saa ngapi?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naitwa wewe."

"Najua. Nilikuwa nakucheka kwa hilohilo."

Tukakaa. Mlangoni sauti ya msimamizi ilikuwa inapanda na kushuka, ile sauti kubwa watu wanayowapazia wazee hata wasio viziwi. Unalala vizuri, mama? Unapata maumivu? Nilikuwa nahesabu kwa vidole. La sita. La saba. La nane, kuhusu chakula, hilo halikuchukua muda.

Mlango ukafunguka. Msimamizi alikuwa ameshika hojaji kwa mkono mmoja na kalamu kwa mwingine, na hakuwa anatabasamu tena.

"Tumefika swali la tisa," akasema. "Mama anasema jibu lake hatalitaja. Anasema mwanawe yuko hapa nje kwenye benchi, aingie ajitaje mwenyewe, na mimi niandike jina na uhusiano wake hapa." Akatuangalia mmoja mmoja. "Ni nani kati yenu?"

Nikamgeukia wifi. Nilimwomba kwa macho anyanyuke. Yeye ndiye mtoto wake wa kumzaa, lilikuwa jibu la halali kabisa, na lingeniokoa.

Wifi akaukumbatia mkoba wake, akaegemea ukuta, akaniangalia. Hakunyanyuka.